Pinetown: Hesabu ya risasi nafuu yenye shabaha

Walengaji shabaha katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini wanakabiliwa na swali ambalo tangazo la dukani haliwezi kulijibu: je, kichwa cha risasi cha bei nafuu kinaweza kupiga palepale kinapopiga kile cha bei ya juu?

Swali hilo huwagusa zaidi wale wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Katika mji wa Pinetown, ulio umbali wa kilomita 16 hivi kutoka katikati ya Durban, mlengaji anayejiandaa kwa mashindano huweza kufyatua mamia ya risasi kabla ya siku yenyewe kufika. Tofauti ya randi chache kwa kila kichwa hugeuka kuwa fedha nyingi ifikapo mwisho wa mwaka.

Jibu la swali hilo ni ndiyo, lakini lina masharti. Bei pekee haielezi ubora, na sifa ya jina kubwa haihakikishi kwamba bunduki fulani itakipenda kichwa fulani. Linaloamua ni mambo manne: jinsi kichwa kilivyotengenezwa, mtutu utakaokirusha, umbali kitakaokwenda, na uaminifu wa mlengaji katika kukijaribu.

Sehemu nne

Kiswahili cha kila siku hutumia neno risasi kwa vitu vitatu tofauti. Risasi ni madini mazito na laini. Risasi ni kile kinachoruka kutoka bundukini. Na risasi ni kitu kizima kinachotiwa katika chemba kabla ya kufyatua. Anayejaza mwenyewe hana budi kuvitenganisha.

Risasi nzima ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba. Ya pili ni fataki, kidonge kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, ambacho hulipuka kinapogongwa na pini ya bunduki. Ya tatu ni baruti, inayowaka na kuzalisha gesi yenye nguvu. Ya nne ni kichwa, yaani kipande kinachosukumwa na gesi hiyo kupitia mtutuni hadi kwenye shabaha.

Baada ya kufyatua, baruti na fataki huwa zimekwisha, na kichwa kimekwenda zake. Ganda hubaki, nalo aghalabu ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote. Mjazaji hulisafisha, hulirudisha katika umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti na kukandamiza kichwa kipya mdomoni mwake. Ganda moja lililotunzwa vizuri huweza kutumika mara kadhaa.

Kazi hiyo si ngeni kabisa katika masikio ya Waafrika Mashariki. Wawindaji wa zamani waliotumia magobori walishindilia baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu, na kila mmoja alijua kipimo cha bunduki yake. Tofauti ni kwamba mjazaji wa leo hufanya kazi kwa mizani inayosoma sehemu ndogo sana za gramu, na kwa jedwali lililochapishwa na watengenezaji.

Kwa nini wanajaza

Sababu ya kwanza ni fedha. Ya pili ni usawa. Kiwanda hutengeneza risasi ili zifanye kazi katika bunduki zote za kipenyo fulani, ilhali mjazaji hutengeneza kwa ajili ya bunduki moja tu, yake mwenyewe.

Afrika Kusini ina kiwanda chake cha risasi, Pretoria Metal Pressings, maarufu kwa jina la PMP, ambacho ni kitengo cha shirika la silaha la serikali, Denel. Kwa miaka mingi walengaji wengi wa nchi hiyo walianza na maganda na vichwa vya PMP, kwa kuwa vilikuwa nafuu kuliko vile vya kutoka ng'ambo. Hata hivyo, matatizo makubwa ya fedha yaliyoikumba Denel yaliathiri uzalishaji wake, na wateja wakalazimika kutafuta kwingine.

Upande wa baruti nao umepata misukosuko. Tarehe 3 Septemba 2018, mlipuko katika kiwanda cha Rheinmetall Denel Munition huko Macassar, karibu na Cape Town, uliua wafanyakazi 8. Mkasa huo uliwakumbusha watu kwamba nyuma ya kila kopo la baruti kuna kazi ya hatari inayofanywa na binadamu.

Vichwa vya mashindano vinavyotajwa zaidi duniani, kama vile vya Sierra, Hornady na Berger, hutoka Marekani, na vile vya Lapua hutoka Finland. Bei yake mjini Durban hupanda kila randi inaposhuka dhidi ya dola. Hapo ndipo shinikizo la kutafuta kilicho nafuu linapoanzia.

Sheria

Kujaza risasi nchini Afrika Kusini si jambo la kujifanyia kiholela. Sheria ya Udhibiti wa Silaha, nambari 60 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 2004, humruhusu mwenye leseni ya bunduki kujaza risasi kwa matumizi yake halali. Sheria hiyo pia inakataza kujaza risasi zenye shinikizo linalozidi kiwango cha juu kilichowekwa kwa bunduki husika.

Mwenye leseni wa kawaida haruhusiwi kumiliki zaidi ya risasi 200 kwa kila bunduki, wala zaidi ya fataki 2,400. Kikomo hicho cha risasi hakiwabani wawindaji na wanamichezo waliotambuliwa rasmi na kupewa leseni ya daraja hilo, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya walengaji wajiunge na vyama vinavyotambuliwa.

Mwezi Mei 2021 serikali ilichapisha rasimu ya muswada wa kuirekebisha sheria hiyo. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la kupiga marufuku raia kujijazia risasi. Wanamichezo walipinga vikali, wakisema hatua hiyo ingeua ulengaji wa masafa marefu, ambao hauwezi kutegemea risasi za kiwandani pekee. Waliotetea udhibiti zaidi walikumbusha jinsi silaha zinavyogharimu maisha ya watu nchini humo kila siku. Rasimu hiyo haikupitishwa kuwa sheria, lakini mjadala wenyewe haujazimika.

Miezi miwili tu baadaye, katika ghasia za Julai 2021 zilizoukumba mji wa Durban na viunga vyake pamoja na sehemu za Gauteng, na kuua zaidi ya watu 350, shehena ya risasi zaidi ya milioni moja iliibwa kutoka kwenye kontena mjini Durban. Tangu hapo mkazi wa eneo hilo hahitaji kuelezwa sana kwa nini risasi na vifaa vyake hutakiwa kufungiwa mahali salama.

Kitako kuliko ncha

Mteja anapokitazama kichwa cha risasi dukani, jicho lake huvutwa na ncha. Kama imechongoka vizuri na inang'aa, hudhani kuwa ni bora. Kumbe sehemu muhimu zaidi ni ile isiyotazamwa, yaani kitako.

Mtafiti wa Marekani Franklin Mann alilieleza jambo hilo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1909, baada ya majaribio ya miaka mingi. Aliharibu ncha za vichwa kwa makusudi na kukuta kwamba bado vilipiga karibu na shabaha. Alipoharibu vitako, vichwa vilitawanyika.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu. Iwapo upande mmoja una kasoro, gesi hupenya upande huo kwanza na kukisukuma kichwa pembeni wakati kinapotoka. Kosa dogo mdomoni mwa mtutu huwa kosa kubwa mita 600 mbele.

Jambo hili ndilo linaloeleza tofauti kati ya aina mbili kuu za vichwa. Kichwa cha kijeshi cha kawaida hufunikwa kwa shaba kuanzia ncha, kisha madini ya risasi huingizwa kwa nyuma, na kingo za shaba hukunjwa kitakoni. Mkunjo huo hautoki sawasawa daima. Kichwa cha mashindano hufanywa kinyume chake: shaba hufunika kitako kizima, madini huingizwa kwa mbele, na ncha huachwa na kitundu kidogo. Kitako hutoka kikiwa kimekamilika.

Kwa hiyo kitundu kilicho kwenye ncha ya kichwa cha mashindano ni matokeo ya namna kilivyotengenezwa. Hakikuwekwa ili kichwa kipanuke ndani ya mnyama, na ndiyo maana wataalamu huonya kwamba vichwa vingi vya aina hiyo havifai kwa uwindaji, maana havikubuniwa kuua kwa haraka na kwa uhakika.

Mnunuzi anayetafuta unafuu hupata faida hapa. Kichwa cha mashindano kisicho na ncha ya plastiki, wala umbo la kisasa kabisa, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko aina mpya. Iwapo kitako chake ni sawa na uzito wake haubadilikibadiliki, kinaweza kutoa matokeo yasiyotofautiana sana na cha bei kubwa katika umbali wa kati.

Mtutu ndio mwamuzi

Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, ambayo hukifanya kichwa kizunguke kama pia. Mzunguko huo ndio unaokifanya kisipinduke angani. Mtutu unaozungusha kwa kasi ndogo hauwezi kukituliza kichwa kirefu.

Mwanahisabati Mwingereza Alfred George Greenhill alitoa kanuni ya jambo hilo mwaka 1879, nayo bado hutumika kwa makadirio. Kanuni hiyo huonesha kwamba la kuangaliwa zaidi ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake. Kwa kuwa kichwa kizito cha kipenyo kilekile kwa kawaida huwa kirefu zaidi, watu wamezoea kuzungumzia uzito, ambao hupimwa kwa greni. Greni moja ni sawa na gramu 0.065 hivi.

Mfano mzuri ni bunduki za .223. Mtutu unaokamilisha mzunguko mmoja katika kila inchi 12 hukifaa kichwa cha greni 55. Mlengaji akinunua vichwa vya greni 75 au 80 kwa kuwa amevikuta kwa punguzo, mtutu huo hautavituliza, navyo vitafika kwenye karatasi vikiwa vimelala upande. Mwenzake mwenye mtutu wa mzunguko mmoja katika inchi 8 atapiga vizuri kwa vichwa hivyohivyo. Bei ni moja. Mmoja amenunua shabaha, mwingine amenunua hasara.

Tahadhari hiyo inahusu pia vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, ambavyo hutengenezwa pia Afrika Kusini na makampuni kama Peregrine. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na huhitaji mtutu unaozungusha kwa kasi kubwa zaidi.

Kipenyo nacho hakikubali kubahatisha. Bunduki za .303, zilizojulikana sana Afrika Mashariki tangu enzi za jeshi la KAR, hutumia kichwa chenye kipenyo cha inchi .311 hivi. Bunduki za .308 hutumia kichwa cha inchi .308 kamili. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini kichwa chembamba hakikamati vizuri mifereji ya mtutu mpana na hutawanyika. Kulazimisha kichwa kinene katika mtutu mwembamba huongeza shinikizo, na hilo ni hatari.

Umbali na hewa

Si kila mlengaji anahitaji kichwa cha masafa marefu. Kuna vichwa vyenye kitako bapa, na kuna vyenye kitako kilichopunguzwa kwa nyuma mfano wa tezi la mashua. Umbo hilo la pili hupunguza mvuto wa hewa nyuma ya kichwa, na faida yake huonekana hasa umbali unapokuwa mrefu.

Kwa mita 100 au 200, kitako bapa hutosha kabisa. Kwa kweli washindani wanaolenga kutoka mezani kwa umbali huo, ambao ndio hupata makundi madogo kupita wote, wamekuwa wakipendelea vitako bapa kwa miaka mingi. Anayefanya mazoezi ya mita 100 pekee huku akilipia umbo la mita 1,000, analipia kitu asichokitumia.

Masafa yakirefuka, hesabu hubadilika. Kichwa kinachopasua hewa kwa urahisi hupeperushwa kidogo na upepo, na upepo ndio adui mkubwa wa mlengaji. Katika mchezo wa F-Class, ambapo bunduki huegemezwa na hutumia darubini, duara la ndani kabisa katika umbali wa mita 900 lina upana wa sentimita 13 tu hivi. Kosa dogo katika kuukadiria upepo hukitoa kichwa nje ya duara hilo.

Umaarufu peke yake pia hautoshi. Kichwa cha Sierra cha greni 168 kwa bunduki za .308 kilibuniwa mwaka 1959 kwa mashindano ya mita 300, nacho kimejijengea sifa kubwa katika umbali huo. Lakini kinapokwenda mbali sana na kasi yake kukaribia kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, huanza kuyumba. Kwa umbali huo mrefu walengaji huchagua vichwa vya greni 155 au 175 vilivyobuniwa kwa kazi hiyo.

Hewa yenyewe haiko sawa kila mahali. Mashindano ya kitaifa ya Afrika Kusini hufanyika Bloemfontein, kwenye uwanja wa General de Wet, ambao mwaka 2023 ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya F-Class. Mji huo uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mlengaji aliyerekebisha darubini yake katika hewa nzito ya pwani ya Durban atakuta huko risasi zake zinapiga juu zaidi. Tofauti kama hiyo ingempata mtu anayetoka Mombasa kwenda kulenga Nairobi.

Kujaribu kwa haki

Methali ya Kiswahili husema mchagua jembe si mkulima. Katika ulengaji wa shabaha kuchagua kwenyewe ni nusu ya kazi, na kosa linalotendwa mara nyingi zaidi ni kuchagua kwa ushahidi mdogo.

Mlengaji hupiga risasi tatu, akaona matundu yamegusana, akaamua kuwa amepata kichwa chake. Kitaalamu uamuzi huo hauna msingi. Hesabu za uwezekano zinaonesha kwamba bunduki ileile ikitumia risasi zilezile, kundi la risasi 10 kwa wastani huwa na upana unaozidi mara moja na nusu wa kundi la risasi 3. Maana yake ni kwamba kundi dogo la risasi tatu linaweza kuwa bahati tu.

Njia inayoshauriwa ni kununua boksi moja moja la aina mbili au tatu zinazolingana na mtutu na umbali, kisha kupiga angalau risasi 10 kwa kila aina, katika hali ya hewa inayofanana, na kuhesabu matundu yote. Tundu lililotoka nje halipaswi kusamehewa kwa kisingizio kwamba mkono ulitikisika.

Kabla ya kujaza, vichwa vyenyewe vinaweza kuchunguzwa mezani. Mjazaji hupima vichwa 20 au 30 kwenye mizani na kuangalia vinavyotofautiana. Kisha hupima urefu kutoka kitakoni hadi mahali mwili unapoanza kuchongoka. Urefu mpaka kwenye ncha si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu ncha za vichwa vyenye kitundu hazilingani hata katika boksi moja. Boksi la bei nafuu lenye vipimo vinavyokaribiana ni hazina. Boksi ghali lenye vipimo vinavyoruka ni onyo.

Aina bora ikipatikana, busara ni kununua kiasi cha kutosha cha toleo lilelile la kiwanda, kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi. Toleo jipya huweza kutoka kwenye mashine tofauti, na majaribio yakalazimika kuanza upya.

Hesabu ya unafuu

Unafuu wa kweli haupimwi kwa bei ya boksi. Hupimwa kwa gharama ya kila risasi inayoingia katika duara. Mfano wa hesabu, usio bei halisi ya duka lolote, unaweza kulifafanua jambo hilo.

Tuseme baruti, fataki na uchakavu wa ganda hugharimu randi 8 kwa kila risasi. Kichwa nafuu kinauzwa randi 6 na cha bei ya juu randi 16. Risasi 10 za kwanza zitagharimu randi 140, na 10 za pili randi 240. Iwapo zile nafuu zinaingiza 6 ndani ya duara na zile ghali 9, kila iliyoingia imegharimu randi 23 kwa nafuu na karibu randi 27 kwa ghali. Kichwa nafuu bado kinashinda.

Lakini zile nafuu zikiingiza 5 tu, kila moja imegharimu randi 28, na kile kilichoitwa ghali sasa ndicho nafuu. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni risasi moja tu katika kila kumi. Ndiyo maana jaribio la risasi tatu haliwezi kumwambia mtu yuko upande gani.

Mtutu nao huchakaa kwa kila risasi inayopita, na kuubadilisha ni gharama kubwa. Kwa hiyo walengaji wengi hugawa matumizi yao: kichwa nafuu kwa mazoezi ya karibu ya kujifunza kushika bunduki, kupumua na kufyatua, na kichwa bora kwa kusoma upepo wa mbali na kwa mashindano. Kinachotakiwa ni kutovichanganya katika boksi moja, na kuandika kila kitu daftarini.

Mitego

Zipo bei ambazo mtu hapaswi kuzifurahia. Vichwa vilivyong'olewa kutoka katika risasi kuukuu za kijeshi huuzwa kwa bei ya chini, lakini mara nyingi huwa na alama za koleo, uzito usiolingana na kitako kilichopindika. Vingine vyaweza kuwa vya kuacha moto angani au vya kutoboa vyuma, ambavyo havina nafasi katika uwanja wa michezo. Baruti isiyo na lebo, au iliyotolewa katika risasi nyingine, haipaswi kutumiwa kabisa, hata ikitolewa bure.

Kubadili kichwa si sawa na kubadili tairi. Vichwa viwili vya uzito uleule kutoka viwanda viwili vinaweza kuzalisha shinikizo tofauti, kwa sababu hutofautiana kwa urefu, ugumu na eneo linalogusa mtutu. Kila kichwa kipya kinamtaka mjazaji arudi kwenye jedwali rasmi la kichwa hicho na baruti hiyo, aanze na kipimo cha chini, na asifuate kipimo alichopewa na rafiki. Bunduki iliyozidiwa na shinikizo huweza kupasuka mbele ya uso wa mwenyewe.

Kuna pia hatari isiyo na kishindo. Fataki nyingi na vichwa vingi vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Vumbi linalotoka wakati wa kusafisha maganda lina madini hayo. Anayejaza nyumbani hutakiwa kuosha mikono, kutokula wala kuvuta sigara mezani pake, na kuitenga kazi hiyo na jiko na chumba cha watoto. Wasiwasi kuhusu sumu hiyo ndio uliolifanya jimbo la California kupiga marufuku vichwa vyenye madini ya risasi katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019.

Afrika Mashariki

Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki, hali ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na kiwanda chake cha risasi kiko Eldoret chini ya shirika la serikali. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro, na umiliki wa silaha huko unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ruhusa ya kujaza risasi anayoipata mkazi wa Pinetown haimfuati mtu avukapo mpaka. Anayerudi nyumbani na vichwa, fataki au baruti bila kibali anaweza kujikuta mahakamani.

Hata hivyo, somo lenyewe halina mpaka, na linamhusu kila anayenunua kitu cha kiufundi kwa fedha zake chache. Kinachong'aa huvutia macho, na bei ya juu huvutia imani, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoweza kuchukua nafasi ya kipimo.

Iwapo Afrika Kusini itaendelea kuwaruhusu raia wake kujaza risasi ni jambo litakaloamuliwa na bunge lake. Kwa sasa ruhusa ipo, na inaandamana na wajibu. Mlengaji wa Pinetown anayepima kwa uangalifu, anayefungia vifaa vyake na kuheshimu jedwali, anaokoa fedha zake, na wakati huohuo anajibu kwa vitendo hoja ya wale wanaotaka ruhusa hiyo iondolewe.